Papai Bichi Lisikuharibie Mishkaki

Nyama ya bucha zetu mara nyingi imechinjwa siku hiyohiyo, misuli bado imekakamaa. Ndiyo maana mishkaki ya nyumbani hutoka migumu hata mpishi akitia viungo vyote vya kabatini. Ukiweza, nunua steki leo, ilaze kwenye friji, uchome kesho. Sarara ni bora kama mfuko unaruhusu. La sivyo, mnofu wa paja unafaa, mradi uukate kwa kukingamisha nyuzi zake.

Kulainisha ni kazi ya papai bichi. Utomvu wake una kimeng'enya kiitwacho papaini, kinachovunjavunja protini za nyama. Kwa kilo moja, tia vijiko viwili vya mezani vya papai lililosagwa, kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga, ndimu moja na kijiko cha chai cha chumvi. Changanya kwenye bakuli la kioo au plastiki, kwani ndimu hula sufuria ya alumini. Funika, weka kwenye friji saa moja, mbili zikizidi. Wapo wanaolaza nyama na papai usiku kucha: asubuhi nje imekuwa ujiuji, ukiitunga kijitini inachanika. Ukitaka kuilaza, papai litie mwishoni. Chumvi ndiyo hupenya ndani. Viungo vingine, usidanganyike, hubaki juujuu.

Vijiti vya mbao viloweke nusu saa visiungue. Makaa yashike yote hadi yavae majivu meupe, kisha yasogeze: mengi upande mmoja, machache upande wa pili. Kung'uta rojo la ziada, maana nyama iliyolowa huchemka badala ya kuchomeka. Anzia kwenye moto mkali. Ikishika rangi, ihamishie penye makaa machache imalizikie hapo. Mafuta yakidondoka moto ukalipuka, isogeze upesi. Masizi si ladha.

Mishkaki iive mpaka ndani. Steki nzima ukiipima kwa kipimajoto, ifike nyuzi 63 za Selsiasi, kisha ipumzike dakika tatu kabla ya kukatwa. Sahani iliyobeba nyama mbichi isipokee iliyoiva, na rojo lililobaki usilipake juu ya nyama bila kulichemsha kwanza likatokota.

Jiko la makaa likae nje. Usiliingize ndani hata kama makaa yanaonekana kufifia, kwa sababu bado yanatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na inayoua.