Dalia fupi: Faida ya ua iko chini ya udongo

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia mahindi, maharage na kahawa ya Mbozi. Somo la wiki hii linahusu bidhaa ndogo inayoweza kumwingizia fedha mtu mwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba mjini Tunduma, Vwawa au Mlowo. Bidhaa hiyo ni dalia fupi. Hatuzungumzii ule unga wa manjano unaonukia ambao akina mama wa Pwani hujipaka, bali ua linaloota kutoka kwenye kiazi, lenye rangi nyekundu, njano, nyeupe, zambarau au mchanganyiko wa rangi hizo.

Dalia fupi hukua kati ya sentimita 30 na 60. Haihitaji mti wa kuishikilia, na hukaa vizuri katika kingo za bustani, kandokando ya njia na katika vyombo. Kwa kuwa kikonyo chake ni kifupi, haifai sana kuuzwa kwa mafungu kama waridi. Soko lake ni mmea mzima uliochanua ndani ya chombo. Wanunuzi ni nyumba za wageni, migahawa, makanisa, wapambaji wa harusi na wenye nyumba mpya.

ASILI YAKE NA HALI YA HEWA YETU

Asili ya dalia ni nyanda za juu za Mexico na Amerika ya Kati. Mbegu zake zilifika katika bustani ya kifalme ya Madrid, Hispania, mwaka 1789. Miaka miwili baadaye mtaalamu wa mimea Antonio José Cavanilles aliupa mmea huo jina la Msweden Anders Dahl. Mexico iliutangaza kuwa ua la taifa mwaka 1963.

Historia hiyo ina maana kibiashara. Kwao, dalia hupata mvua kwa msimu mmoja, kisha ukame. Kiazi ni ghala la chakula la kuuvusha mmea kipindi cha kiangazi. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una utaratibu unaofanana na huo: mvua huanza Novemba na kukoma Aprili au mapema Mei, kisha hufuata miezi mikavu yenye baridi. Mkulima wa Ulaya hung'oa viazi kwa kuogopa barafu. Wa hapa kwetu ana maadui wengine wawili: maji yanayotuama Januari hadi Machi, na ghala bovu Juni hadi Septemba.

KUNUNUA MBEGU

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Kiazi cha dalia si kama kiazi cha mviringo, ambacho macho yake yametapakaa mwili mzima. Jicho la dalia liko shingoni tu, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani. Kiazi kilichokatika shingo hakitachipua hata kikiwa kinene kiasi gani. Kitatoa mizizi, kitakaa ardhini msimu mzima, na hakuna kitakachoonekana juu. Kwa hiyo usinunue kwa uzito wala kwa unene. Nunua kwa jicho.

Unaweza pia kuanza na mbegu za punje, ambazo ni rahisi kusafirisha na huchanua baada ya miezi mitatu hivi. Ikumbukwe kwamba punje haina uhakika wa kutoa rangi ya mama. Anayeahidi mteja rangi fulani atumie viazi vilivyogawanywa, au vipandikizi vya machipukizi ya sentimita 7 hadi 10.

KUPANDA

Chagua mahali penye jua lisilopungua saa 6 kwa siku. Katika kingo za bustani, inua tuta ili maji yapite, kisha panda kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 40. Kina kiwe sentimita 8 hadi 10, jicho likitazama juu. Kama udongo una unyevu, usimwagilie hadi chipukizi litokeze, kwani kiazi kisicho na mizizi huoza upesi.

Kwa vyombo, ndoo au chungu chenye upana wa sentimita 25 hadi 30 kinatosha mmea mmoja. Toboa matundu chini. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza na moja ya mchanga. Mimea ya vyombo ipandwe katikati ya Oktoba na kumwagiliwa kwa kiasi, ili ianze kuchanua karibu na Krismasi, wakati watu wanapopamba nyumba.

MATUNZO

Mche ukifikisha jozi tatu au nne za majani, kata ncha yake. Matawi yataongezeka, na maua pia. Ondoa kila ua lililonyauka. Angalia usikosee: tumba jipya ni la mviringo, ua lililopita lina ncha iliyochongoka.

Mkulima wa mahindi aliyezoea kukuzia kwa urea asiihamishie tabia hiyo kwenye dalia. Naitrojeni nyingi huleta majani mengi, maua machache na viazi visivyohifadhika. Konokono hushambulia machipukizi machanga, kwa hiyo waokote jioni. Wadudu mafuta ni hatari zaidi kwa kuwa hueneza virusi. Mmea wenye majani yaliyojikunja na michirizi ya manjano, tena uliodumaa, ung'olewe na kuchomwa moto. Hauna tiba, na viazi vyake vitarithi ugonjwa.

KUVUNA NA KUHIFADHI

Mchana unapopungua kuanzia Aprili, mmea huelekeza nguvu kwenye viazi. Majani yakiwa ya manjano, kata shina libaki sentimita 10 hadi 15. Subiri wiki mbili ili macho yavimbe na kuonekana, kisha chimba kwa mbali ili usivunje shingo. Gawanya kwa kisu safi, kila kipande kiwe na jicho. Kausha kivulini siku chache, kisha fukia kwenye mchanga mkavu au pumba, ndani ya sanduku, mahali penye ubaridi na giza. Kagua kila mwezi na kutupa vilivyooza.

HESABU

Tuchukue mfano. Mtu ameanza na viazi 20, na kila shina likampa vipande vitatu vyenye macho, jumla 60. Vikioza 12 ghalani, vinabaki 48. Akitenga 20 vya msimu ujao, ana 28 vya kuuza au kukuzia kwenye vyombo, bila kununua mbegu tena. Lakini aliyeacha viazi vikaoza vyote anaanza upya kwa fedha taslimu kila mwaka, na mauzo ya maua huishia kulipia mbegu. Tofauti ya hao wawili ni sanduku la mchanga na ukaguzi wa kila mwezi.

MPAKANI

Wakazi wa Tunduma huvuka kwenda Nakonde kila siku, na ni rahisi kutia viazi vichache mfukoni. Usifanye hivyo. Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, inayosimamiwa na mamlaka ya TPHPA, mimea na viazi vya kupanda vinavyotoka nje vinahitaji kibali cha kuingiza, cheti cha afya ya mimea cha nchi vinakotoka, na ukaguzi mpakani. Hali kadhalika, anayetaka kuuza Zambia aulize masharti ya huko kabla ya kufunga mzigo. Gharama ya karatasi hizo iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Kiazi kimoja chenye virusi kinaweza kuambukiza bustani nzima, na hapo mtaji unageuka kuni.

Anayetaka kujaribu aanze na viazi kumi vya rangi mbili, aandike daftarini tarehe ya kupanda, ya kuchanua na idadi ya viazi alivyovuna. Daftari hilo litamweleza mwezi Juni kama apanue au aishie hapo.