FRENI IMEISHA? BADILISHA KABLA YA MTEREMKO

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumbani, someni pamoja.

Toka Mangina hadi Beni ni kilomita karibu 30. Wengi tunakwenda kwa pikipiki: baba mbele, mama na mtoto nyuma, na mfuko wa mihogo. Freni ikikosa, wote wanaanguka.

Freni inafanya kazi namna gani?

Ndani ya ngoma ya gurudumu la nyuma mna viatu viwili. Ukikanyaga pedali, vinatanuka na kusugua ngoma. Kila safari vinalika kidogo.

Utajuaje vimeisha?

Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa freni. Kanyaga pedali: mshale ukifika kwenye alama, viatu vimekwisha. Kukaza njugu hakuleti viatu vipya. Ukisikia chuma kinasugua chuma, simama.

Jihadhari na vumbi

Ukifungua ngoma utakuta vumbi jeusi. Wengine wanalipuliza kwa mdomo. Usifanye hivyo! Viatu vingine vina amianto, na macho hayawezi kukitambua kiatu cha namna hiyo. Nyuzi zake zikiingia mapafuni zinakaa humo, na zaweza kuleta kansa baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Basi, hesabu vumbi lote kuwa sumu. Lilowesha kwa maji ya sabuni, pangusa kwa kitambaa kibichi, kisha ukifunge kitambaa ndani ya mfuko na kukitupa. Watoto wakae mbali. Nguo za kazi ziloweshwe na kufuliwa peke yake: mama akizikung'uta kavu, anavuta vumbi lile lile.

Namna ya kubadilisha

1. Badilisha viatu vyote viwili pamoja, na springi zilizolegea.
2. Mafuta yasiguse viatu wala ngoma.
3. Rudisha kila njugu na kila pini mahali pake.
4. Rekebisha pedali. Ukiiacha, gurudumu lizunguke bure, ukiikanyaga, lisimame.
5. Jaribu polepole, mahali tambarare, bila abiria.

Kwenye mteremko mrefu tumia vitesi vidogo, injini isaidie. Freni inayokanyagwa bila kuachwa inapata moto na kupoteza nguvu.

Mguu uliovunjika tunaweza kuufunga pale dispensari. Pafu lililoharibiwa na amianto halina dawa ya kulirudisha.