SOMO: Mnyama wa Maabara Akiletwa Bomani

Vikundi zaidi ya kimoja vimetuuliza swali moja. Wameambiwa kuna sungura weupe, wakubwa, wa bure, waliotumiwa katika utafiti na sasa hawahitajiki. Je, tuwachukue? Wengine wameshaanza kuhesabu kilo.

Jibu letu ni kwamba mnaweza kuwachukua, lakini si kwa ajili ya sufuria.

Ng'ombe akidungwa sindano, daktari wa mifugo hutuambia tusinywe maziwa wala kuchinja mpaka siku fulani zipite. Hizo ni dawa za kawaida, siku zake zinajulikana. Dawa ambayo bado inajaribiwa, nani atakuhesabia siku zake? Kwa hivyo sungura huyo haliwi, hauzwi sokoni, na hata akifa hapewi mbwa. Azikwe kwenye shimo refu. Dume na jike watengwe, maana wakizaa, watoto wanono watawatia majaribuni. Sungura huyu ni kama paka wa nyumba: mnamtunza tu mpaka siku zake ziishe.

Mtu atasema, hiyo si kazi bure? Basi tuangalie ng'ombe wetu hapa Uasin Gishu. Chanjo ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe ambao wengi tunauita ECF, ilitengenezwa Muguga karibu na Nairobi, miaka ya 1970. Ng'ombe waliambukizwa kwa makusudi ili kipimo sahihi kipatikane. Kuna deni hapo, hata kama halimo kwenye daftari la mweka hazina. Huko Marekani, mwaka 2022, mbwa wapatao 4,000 wa aina ya beagle waliozalishwa Virginia ili wauzwe kwa maabara walitolewa kwa idhini ya mahakama, wakatafutiwa familia za kuwalea.

Sasa utunzaji. Sungura wa maabara ameishi chumba chenye joto lile lile mchana na usiku. Eldoret usiku wa Julai mnaujua wenyewe! Kibanda kiwe na ukuta upande wa upepo na majani makavu ya kulalia. Miguu ya kibanda isimame ndani ya mikebe yenye oili chafu, kwa sababu ya siafu. Pia hajazoea majani mabichi. Ukimrundikia sukuma wiki siku ya kwanza atafura tumbo, na pengine kesho yake humkuti hai. Ombeni mpewe chakula alichokuwa akila huko, mchanganye na majani makavu ya Boma Rhodes, mabichi yaongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili.

Akiwa ni mbwa, kazi ni kubwa zaidi. Mbwa aliyekulia ndani hajui moto wa jiko, hajui pikipiki, hajui kuku. Msimfunge mnyororo siku ya kwanza halafu mseme ni mjinga. Mpeni kona yenye kimya, mtu mmoja awe anamlisha, watoto wasimzunguke. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, na kadi yake ihifadhiwe.

Nyani na tumbili, hapana kabisa. Kituo cha utafiti alichokianzisha Louis Leakey huko Tigoni, ambacho baadaye kilihamia Karen, hufanya kazi na wanyama hao kikiwa na wataalamu na vizimba vya kufaa. Sisi hatuna hayo. Tumbili anauma, na anaweza kubeba kifua kikuu. Tena sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumfuga bila kibali. Mkiletewa tumbili "mpole", piteni kwa maofisa wa KWS.

Kabla ya kupokea mnyama yeyote, dai barua yenye sahihi ya daktari wa mifugo: alipewa nini, lini, na kama aliwahi kuambukizwa ugonjwa. Anayetoa mnyama akikosa barua hiyo, mwache arudi naye, hata kama ni mtu mnayemheshimu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Mnyama asiyeleta pesa, nani katika kikundi atamlisha wakati wa mavuno?
2. Daktari akiitwa, atalipwa kutoka mfuko gani?
3. Mwanachama akikutwa amemchinja sungura kama huyo kwa ajili ya wageni, kikundi kitafanya nini, na wageni wataambiwa nini?