Somo la vikundi: Kazi ya fulbeki na pesa ya tangi

Somo la safari hii litawashangaza wengine. Tumezoea kuandika juu ya mbuzi wa maziwa, mabati ya kuvunia maji na namna ya kuweka kumbukumbu za mkutano. Leo tunaandika juu ya mpira wa Kimarekani. Ngojeni kidogo, mtaona sababu.

Hapa kwetu Free Area mama mmoja, mwanachama wa kikundi chetu tangu mwanzo, alisimama mkutanoni akaomba mkopo wa shilingi 180,000. Kijana wake hucheza raga. Ni mkubwa wa mwili na ana mbio. Bwana mmoja alikuwa amempigia simu akamwambia atampeleka Marekani awe fulbeki wa kulipwa, mradi tu familia itume pesa ya fomu kabla ya Ijumaa. Sasa pesa iliyokuwa benki ndiyo ile tuliyoweka kwa miaka miwili, ya kununua tangi. Mkutano uligawanyika pale pale. Wengine walisema, "Mnataka kumfungia mtoto mlango?" Wengine wakasema, "Na maji je?" Mwenyekiti akaomba tusipige kura siku hiyo, kwanza tujue hiyo kazi ni kazi gani. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na jina, maana lilituchanganya. Katika kandanda yetu fulbeki ni yule namba 2 au namba 3, mlinzi wa pembeni. Katika raga, ambayo watu wa Nakuru wanaijua sana, fulbeki ni namba 15, anasimama nyuma peke yake kungojea mipira ya juu. Katika mpira wa Kimarekani ni kitu kingine kabisa. Kila timu ina watu 11 uwanjani, wamevaa kofia ngumu na mapedi mabegani. Fulbeki anasimama nyuma ya yule anayegawa mpira. Mara nyingine anapewa mpira akimbie nao, lakini kazi yake kubwa ni kumtangulia mwenzake aliyebeba mpira na kumgonga adui anayekuja, ili njia ifunguke. Mwenzake anafunga, watu wanashangilia, na yeye anainuka kutoka chini akijipangusa. Mzee mmoja wetu alisema huyu ni kama ng'ombe wa mbele kwenye plau. Siku hizi timu nyingi hazimweki tena fulbeki hata mmoja. Ligi ya NFL ina timu 32, na kila moja huandikisha wachezaji 53. Kwa hiyo kati ya nafasi zote, hii ni mojawapo ya zile chache kabisa.

Je, kuna Mkenya aliyewahi kufika huko? Yuko, na tusimdharau. Ni Daniel Adongo. Hakuwa fulbeki, alicheza upande wa ulinzi, lakini safari yake ndiyo iliyo karibu zaidi na ile aliyoahidiwa kijana wetu. Alikuwa mchezaji wa raga, mwenye urefu karibu mita 2, aliyekwisha kucheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka 2013 timu ya Colts ya mji wa Indianapolis ilimwandikisha ingawa hakuwa amewahi kucheza mpira wa Kimarekani hata siku moja. Tarehe 8 Desemba 2013 aliingia uwanjani Cincinnati, akawa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Tuliposoma hayo mama yule alipiga makofi, na sisi tukapiga.

Lakini tuliendelea kusoma. Kwa misimu 2 alicheza mechi chache, na majeraha pia yalimsumbua. Mwaka 2015 timu ikamwacha. Huyu alikuwa mtu aliyekwisha kulipwa kwa raga katika nchi mbili kabla ya Wamarekani kumwona. Kijana wetu bado anachezea kiwanja cha hapa.

Haya, tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Mwaka 2013 mshahara wa chini kabisa wa mchezaji mpya wa NFL ulikuwa dola 405,000 kwa mwaka. Kwa shilingi ya wakati ule ni zaidi ya milioni 34. Jamani, ni pesa! Katibu wetu aliiandika ubaoni na sifuri zake zote, kukawa kimya. Lakini mshahara huo wakati ule ulilipwa kwa wiki, wakati wa msimu tu, na msimu ulikuwa wiki 17. Gawanya utapata kama dola 23,800 kwa wiki. Ukiachwa wiki ya nne, kwa kawaida umelipwa wiki nne basi. Halafu kuna kodi, ambayo huko si mchezo. Na chama cha wachezaji wenyewe kimekuwa kikisema kwamba kwa wastani kazi hii hudumu miaka 3 na kidogo tu. Pensheni nayo hupati mpaka ufikishe misimu 3, na msimu hauhesabiwi kama hukuwa kwenye orodha ya timu kwa mechi zisizopungua 3. Mtu anaweza kustaafu akiwa na miaka 25, kabla hata ya mwenzake aliyebaki nyumbani kumaliza kujenga.

Jambo lililotufungua macho zaidi ni la ajenti. Huko, ajenti wa mchezaji lazima awe ameidhinishwa na hicho chama cha wachezaji, na anachoruhusiwa kuchukua kwenye mkataba hakizidi asilimia 3. Anakatwa pale mchezaji anapolipwa. Mchezaji akikosa mshahara, ajenti naye anakosa. Sasa huyu bwana wa simu alitaka alipwe kwanza, kwa njia ya simu, tena kabla ya Ijumaa. Ligi yenyewe inapotafuta vijana wa Afrika huja waziwazi. Mwaka 2023 ilileta kambi yake Nairobi, na habari zikatangazwa.

Halafu kuna mwili. Fulbeki ni mtu wa kugongana kwa kichwa na mabega, msimu baada ya msimu. Mwaka 2002 daktari Mnaijeria aliyekuwa akifanya kazi Marekani, Bennet Omalu, alipasua ubongo wa mchezaji wa zamani, Mike Webster, akakuta ugonjwa unaotokana na kichwa kugongwa mara nyingi. Kuna fulbeki aliyeitwa Kevin Turner, alicheza NFL tangu 1992 hadi 1999, misimu 8, ambayo kwa kazi hii ni mingi. Mwaka 2010 aliambiwa ana ugonjwa wa mishipa unaodhoofisha misuli. Alikufa mwaka 2016 akiwa na miaka 46, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston wakakuta ubongo wake umeharibika vibaya. Chuo hicho kilisema mwaka 2023 kwamba kati ya bongo 376 za wachezaji wa zamani wa NFL walizochunguza, 345 zilikuwa na ugonjwa huo. Tusitie chumvi: hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi zilishaona dalili, kwa hiyo si kwamba kila mchezaji anao. Lakini mama yule aliomba tumsomee mara ya pili.

Mwishowe yeye mwenyewe alimpigia yule bwana, sisi tukisikiliza. Akamwomba barua ya timu na namba ya kibali chake. Akajibiwa kwamba wenye nafasi hawaulizi maswali mengi. Ijumaa ikapita. Siku ya Jumatatu simu haikupatikana tena.

Tangi tulinunua. Kijana bado anacheza raga jioni, na mchana anajifunza kulehemu kwa fundi kando ya barabara ya Nairobi. Baadhi yetu hajawasalimia mpaka leo. Anasema ajenti aliona kelele zetu akaondoka.

Kwa mjadala katika kikundi chenu: kama yule bwana angeleta barua ya kweli, mngempa kijana pesa ya tangi? Mkopo huo angeulipa nani kama angeachwa wiki ya nne? Na huyu kijana asiyetusalimia, nani kati yenu angeenda kuongea naye, na angeanzia wapi? Mtuandikie.