Kuhamisha Nyumba kwa Ajili ya Shule ya Mtoto Mmoja

Katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, vijiji vingi vimekaa juu ya visiwa vilivyozungukwa na mikoko, na njia ya kwenda bara ni maji. Mtu wa Salale, Kiongoroni au Maparoni akitaka kufika Kibiti mjini hana budi kwanza kungoja chombo, na chombo chenyewe hungoja maji yajae. Juma hili twapenda kusema na wazazi wa huko, na pamoja nao wazazi wote wakaao mbali na shule iwafaayo watoto wao, juu ya shauri zito kuliko linavyosikika: je, yafaa nyumba nzima ing'oke na kuhamia mjini, ili mtoto mmoja mwenye usonji apate mwalimu?

Wako wasemao upesi, "Hameni, elimu ni haki ya mtoto." Wako na wengine wasemao, upesi vilevile, "Mtoto wa namna hiyo atasoma nini? Msiwapoteze ndugu zake kwa ajili yake." Hao wa pili hatukubaliani nao hata kidogo. Lakini hata wale wa kwanza twawaomba wangoje, maana si wao watakaolipa kodi ya chumba.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Usonji si wazimu, si pepo, wala si malipo ya kosa la mtu. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua tangu mapema, hata kusema kwake, kucheza na wenzake na kupokea sauti, mwanga au mguso kukawa tofauti na kwa watoto wengine. Mmoja hasemi kabisa. Mwingine asema sana, lakini juu ya jambo moja tu. Wengi hupenda mambo yaende kwa utaratibu uleule kila siku, na utaratibu ukivunjika huteseka kweli, si kwa deko. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo shule yenye watoto 500 ingetazamiwa kuwa nao wanne hivi; na mwalimu mkuu akisema hajapata kumwona hata mmoja, huenda wamefichwa nyumbani. Zamani, katika miaka ya 1950 na 1960, walikuwapo mabingwa wa Ulaya na Marekani waliofundisha kwamba mtoto huwa hivyo kwa kuwa mama yake hakumpenda. Fundisho hilo limekwisha kutupwa. Twalitaja kwa sababu lawama ileile bado huwaangukia akina mama wa kwetu, kwa maneno mengine tu.

Sasa shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yataka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yasema wazi kwamba mtoto mwenye ulemavu anayo haki ileile ya kusoma, tena asaidiwe kama hali yake inavyodai. Kwa hiyo shule ya kijiji haina ruhusa ya kumrudisha mtoto kwa kuwa hasemi, na mzazi asianze kufunga mizigo kabla hajamwandikisha hapo alipo. Mtoto asiyeandikwa popote hahesabiwi, na si rahisi mwalimu wa elimu maalumu apelekwe mahali ambapo daftari laonyesha kwamba hakuna amhitajiye.

Lakini tusidanganyane: kupewa nafasi katika dawati si kufundishwa. Walimu waliosomea elimu maalumu, wengi wao katika Chuo cha Patandi huko Arusha, ni wachache, na wengi huwekwa katika vitengo, yaani madarasa maalumu yaliyo ndani ya shule za kawaida, hasa mijini. Kwa watoto wenye usonji hasa, shule iliyojulikana kwa miaka mingi ni Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam. Penginepo mara nyingi mtoto huyo huwekwa pamoja na watoto wenye ulemavu wa akili wa kila namna, na mwalimu mmoja hujitahidi awezavyo. Ndiyo maana mzazi wa delta huutazama mji, na hatuwezi kumlaumu.

Basi tuangalie vizuri kile anachokwenda kupata na kile anachokiacha.

Kwanza maji. Watoto wengi wenye usonji huwa na tabia ya kutoka na kwenda zao pasipo kuaga, na wengi wao huvutwa mno na maji. Huko Marekani imeonekana kwamba kati ya watoto hao wanaopotea na kufa, wengi huzama. Katika delta mfereji u nyuma ya nyumba, na mikoko ni ileile iliyoificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, hadi Julai 1915. Mtoto asiyeitika jina lake aweza kupotea humo hatua mia toka jikoni kwa mama yake. Mzazi anayesema, "Naogopa maji," ana sababu ya kuhama hata kama pasingekuwa na habari ya shule. Lakini Kibiti mjini yapita barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, yenye mabasi na malori usiku na mchana. Tena kijijini, mtoto akionekana anaelekea ufukoni peke yake, mtu wa kwanza kumwona amjua ni mwana wa nani, humshika mkono na kumrudisha. Mjini ni mtoto wa mpangaji mpya. Akipiga kelele sokoni na kujiziba masikio, watu watasema amelelewa vibaya, au watamwogopa. Mwenye kuhama hubadilisha hatari moja kwa nyingine, na yampasa aijue hiyo ya pili kabla ya kuifikia.

Lipo jambo la utaratibu vilevile, ambalo watu wa bara hawalifikiri. Maji ya bahari hujaa kila siku yakichelewa kwa dakika hamsini hivi kuliko jana. Mtoto anayepelekwa shule ya ng'ambo kwa mtumbwi leo aondoka alfajiri, na juma lijalo chombo hakipiti saa ile. Kwa mtoto wa kawaida huo ni mchezo. Kwa mtoto ambaye amani yake yote yategemea mambo kuwa yaleyale, kila safari ni ugomvi. Kwa upande huu mji, wenye kengele ya shule isiyobadilika, ungemfaa zaidi. Ila kuhama kwenyewe ndiko kuvunja utaratibu wote kwa siku moja: mlango mwingine, sauti nyingine, maji ya kunywa yenye ladha nyingine. Wazazi wasishangae mtoto aliyekwisha kujua kwenda haja akisahau, au aliyekuwa akilala sasa akikesha. Hiyo si dalili kwamba shule imeshindwa. Ndiyo gharama ya kuhama, na huchukua miezi.

Mtoto wa kwanza kabisa kuandikwa na madaktari kuwa na usonji alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Daktari Leo Kanner wa Baltimore aliandika habari zake mwaka 1943, pamoja na za watoto wengine kumi. Alipokuwa bado mdogo sana, wazazi wake walikuwa wameshauriwa kumpeleka mbali katika nyumba ya kutunzia watoto. Akanyong'onyea huko, nao wakamrudisha kwao baada ya mwaka mmoja hivi. Baadaye wakamweka kwa mkulima na mkewe, si mbali na mji wao. Hao hawakuwa na cheti cha elimu yoyote maalumu. Mtoto alipenda kuhesabu, basi mkulima akamwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima kwa farasi. Alipenda kupima, basi akapewa kisima apime kina chake. Alimaliza shule, akafika chuo, akafanya kazi benki, akaishi kwao Forest hadi alipofariki mwaka 2023, mwenye umri wa miaka 89. Wazazi wake walikuwa na mali, benki yenyewe ilikuwa ya jamaa yake, na mfano huu hauwezi kumfaa kila mtu. Hata hivyo waonyesha kwamba mahali pa mtoto huyu palikuwa nusu ya masomo yake. Mji mzima ulimjua, ukazoea mambo yake. Katika delta kuna kamba wa kupanga kwa ukubwa, kuna nazi za kuhesabu, kuna miche ya mpunga ya kupanda kwa mstari. Mzazi asifikiri kwamba kila siku ambayo mwanawe hayuko darasani imepotea.

Habari ya fedha twaweza kuisema kwa ufupi. Mvuvi akihamia Kibiti haachi nyumba tu, aacha kazi. Mtumbwi hauwezi kuvua barabarani. Lakini Warufiji wanajua kuishi penye sehemu mbili. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu, na hata hivyo wengi wao hawakuyaacha mashamba yao. Msimu ukifika walirudi kuyalinda toka juu ya madungu. Kwa hiyo kuhama si lazima kuwe kung'oa mizizi yote.

Hatari yake ni hii: mara nyingi wanaume huchukua neno hilo la sehemu mbili wakamaanisha kwamba mama aende mjini peke yake na mtoto, naye baba abaki na nyavu. Mtoto mwenye usonji aweza kuwa na usingizi wa saa nne. Mama wa peke yake, katika chumba cha kupanga, pasipo shangazi wala bibi wa kumpokea hata apate kuoga, ataugua kabla ya muhula kwisha. Na mbaya zaidi ni kumtoa shule dada mkubwa ili awe mlinzi wa nduguye. Twasema wazi kwamba shule ya mmoja isinunuliwe kwa shule ya mwingine. Kama hakuna mtu mzima wa pili wa kwenda, nyumba hiyo haijawa tayari kuhama.

Walio tayari twawashauri wamfuate mwalimu, wala si jengo au jina la mji. Baba na mama waende pamoja katika ofisi ya elimu ya Halmashauri ya Kibiti, wamwulize afisa wa elimu maalumu ni shule ipi yenye kitengo, nani afundishaye humo, ana watoto wangapi, na siku akiugua nani hushika nafasi yake. Kisha waende wakaketi katika darasa hilo siku mbili, watazame uzio, choo, na jinsi mwalimu afanyavyo mtoto anapopiga kelele. Wakiridhika na Kibiti, hakuna haja ya kukimbilia Dar es Salaam, ambako mtoto akifika hospitali ya Muhimbili kwa kupimwa aweza kurudi. Kupimwa ni safari, si makao.

Tena waende kwa kujaribu. Muhula wa Julai wafaa, kwa kuwa masika yamekwisha. Wote wakumbuka mafuriko ya Aprili 2024 huko Kibiti na Rufiji. Wapange chumba kwa muhula mmoja, au wakae kwa ndugu. Kabla ya siku yenyewe mtoto aonyeshwe chumba hicho mara mbili tatu, na mkeka wake, kikombe chake na shuka lake zitangulie. Mwezi wa Desemba shule ikifungwa, warudi delta, wakae na babu na bibi, waulizane kwa utulivu: amejua nini ambacho Juni hakukijua? Analala? Mama ana afya? Ndugu zake wote bado wanasoma? Na minazi isiuzwe kabla ya kikao hicho.