Barafu ya Ncha za Dunia na Mlima Usiojulikana



Mimi ni mwanafunzi wa kemia, na leo nataka tutazame jinsi barafu inavyotunza habari za volkano. Sisi majirani wa Nyiragongo tumezoea kuupima mlipuko kwa lava, kama ile iliyoingia Goma mwaka 2002. Barafu ya Greenland na Antaktika hutunza kitu kingine: salfa.

Volkano ikilipuka kwa nguvu kubwa, hurusha gesi ya salfa dioksidi hadi stratosfia, juu ya mawingu ya mvua. Huko gesi hiyo hugeuka kuwa matone madogo mno ya asidi ya salfuriki. Kwa kuwa hakuna mvua ya kuyaosha, huelea mwaka mmoja au zaidi, yakisambazwa na upepo. Mengine hufika kwenye ncha za dunia na kushuka pamoja na theluji. Theluji ya kila mwaka hufunika ya mwaka uliotangulia, ikashindiliwa hadi kuwa barafu. Wanasayansi huchimba nguzo ndefu ya barafu hiyo, huhesabu matabaka, kisha hupima salfeti. Tabaka lenye asidi nyingi pia hupitisha umeme vizuri zaidi.

Chukueni mfano wa barafu ya karibu mwaka 1258. Salfeti yake ni miongoni mwa viwango vikubwa kabisa vya miaka 2,000 iliyopita, tena katika ncha zote mbili. Hilo liliashiria volkano ya ukanda wa tropiki. Lakini ni ipi? Ilidhaniwa kuwa El Chichón ya Meksiko, au Quilotoa ya Ekwado. Mwaka 2013, Franck Lavigne na wenzake walionyesha kuwa ni Samalas, kisiwani Lombok, Indonesia, iliyolipuka mwaka 1257. Walitegemea umri wa miti iliyoungua, kemia ya chembe za kioo cha volkano, na maandishi ya kale yaitwayo Babad Lombok, yanayosimulia maangamizi ya mji wa Pamatan.

Funzo ninalolipata ni hili: salfeti ilisema kweli tangu mwanzo, lakini ilisema lini na kiasi gani tu. Jina la mlima lilihitaji mashahidi wengine. Basi unapoandika ripoti ya maabara, tenganisha kile kipimo kilichosema na kile unachokisia wewe. Mwenye kuchanganya hayo mawili huwapoteza wanaomsoma.