Pumu na Bangi

Nina pumu tangu utotoni. Likizo iliyopita mzee mmoja jirani yetu alinishauri nivute bangi ili kifua kifunguke. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wa Bayolojia, na haya ndiyo niliyojifunza.

Katika pumu ya mzio, vumbi au chavua huuchokoza mwili. Njia za pumzi huvimba ndani na misuli yake hukaza. Mwaka 1992 wataalamu wa Yerusalemu waligundua kwamba mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachofanya kazi mfano wa bangi. Wakakiita anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Mwaka 2000 wataalamu wengine walikijaribu kwa wanyama wa jamii ya panya. Walipowachokoza kwa kile kinacholeta ukali wa pilipili, anandamidi ilizuia mkazo na kikohozi. Lakini njia za pumzi zilipokuwa zimelegea, ilizikaza!

Kwa hiyo bado inatafutwa dawa itakayofungua bila kufunga. Bangi si dawa hiyo, na moshi wake hudhuru njia za pumzi. Nilimshukuru mzee kwa huruma yake, nikaendelea na dawa ya kuvuta niliyopewa na daktari.